Nyayo Zilizoishia Ukutani

Kwetu Kewanja, huko Tarime, wanasema nimefeli. Mama anasema, shangazi anasema, hata mchungaji ameniombea maombi ya mtu aliyefeli. Sijafeli. Sijafaulu pia, hilo nakiri. Mimi niko kwenye kipindi. Kipindi kilianza Alhamisi moja ya mwezi wa tatu mwaka jana, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na kwa mujibu wa fomu ya chuo bado hakijaisha.

Nieleze taratibu, maana kila nikieleza haraka watu hunitazama kwa huruma.

Nina digrii ya sanaa. Nilipomaliza nilikaa miaka minne Natta nikichora mabango ya kambi za watalii: simba, mshale, kilomita sita. Simba niliowachora nadhani wanazidi waliomo hifadhini. Siku moja nikachoka nao, nikajiandikisha kusoma stashahada ya uzamili ya elimu ili niwe mwalimu wa sanaa wa sekondari. Kazi hiyo nimeitaka tangu darasa la tano, siku mwalimu wa hisabati aliponichapa viboko vinne kwa kuchora mbuzi pembeni mwa daftari. Mbuzi mwenyewe alikuwa mzuri.

Masomo ya chuoni hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni mazoezi ya kufundisha. Awamu ya kwanza nilipangwa shule isiyo na somo la sanaa, wakanipa Uraia, na mkaguzi alipokuja akanikuta namchora diwani ubaoni ili darasa lielewe madaraka ya serikali za mitaa. Akanifelisha. Chuo kinaruhusu kurudia mara moja tu. Ukianguka tena wanakufuta, na ualimu utausikia kwa wenzako.

Kwa hiyo nilipoletwa huku kata ya Busawe, wilayani Serengeti, kurudia, nilikuja roho mkononi. Shule yenyewe ni ndogo na sitaitaja jina, mtanisamehe. Mkuu wa shule, Mwalimu Kornelio, ni mtu mpole anayeogopa barua za serikali kuliko anavyoogopa nyoka. Alinipa kidato cha pili, wanafunzi arobaini na mmoja, na darasa ambalo zamani lilikuwa ghala la pamba. Ghala hilo lina mlango wa mbele unaotazama uwanja, na mlango wa nyuma unaotazama mashamba, palipokuwa pakipakiliwa magunia. Ikumbukeni hiyo milango miwili, ndiyo iliyoniponza.

Wiki ya sita nikapata ujumbe kwamba Dokta Verdiana angekuja Alhamisi kunikagua. Chuoni Dokta Verdiana anajulikana. Aliwahi kumpunguzia mtu alama kwa sababu andalio lake la somo lilikuwa na tarehe sahihi lakini siku ya wiki si yenyewe. Nikaona lazima akute kazi kubwa, kazi ya darasa zima, kitu ambacho hata fomu itakiona.

Rangi hatukuwa nazo. Tulikuwa na mkaa, majivu, udongo mwekundu, na ukuta mmoja uliopakwa chokaa. Nikawauliza wanafunzi wanataka kuchora nini, wakasema ng'ombe. Nikawaambia wajaribu kwanza kwenye daftari. Yarabi. Watoto waliokua machungani, wanaomtambua ng'ombe kwa kikohozi chake, walinichorea ng'ombe arobaini na mmoja wa kwenye kitabu cha chekechea, miguu minne imejipanga mstari mmoja, uso wa sungura. Nikasema haiwezekani, tutachora ng'ombe aliye hai, asimame mbele yetu. Nani ataleta?

Waisiko akanyoosha mkono. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mkimya, anayechora kwa mkono wa kushoto, na babu yake, Mzee Nyangwine, ndiye mwenye zizi upande wa pili wa mashamba. Jumatano mchana akamleta Sista. Sista ni jike jeusi lenye utepe mweupe kipajini kama kitambaa cha mtawa, ndiko jina lilikotoka. Pembe ya kushoto imepinda kushuka chini, na sikio la kulia lilichanwa na waya zamani. Ilinipasa kuuliza kama babu anajua. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaliona lile sikio, na akili yote ikahamia pale.

Walikuja kwa nyuma, kupitia mashambani, udongo ukiwa umeloa. Mara manyunyu yakaanza, tukamwingiza Sista darasani kwa mlango wa nyuma. Alisimama muda mrefu bila kulalamika, akala andalio langu moja la somo, na wanafunzi wakamchora ukutani kwa kipimo chake halisi. Wengine walifanya mwili, wengine miguu, wakigombana kuhusu magoti. Kichwa alikichora Waisiko peke yake. Alipomaliza, lile sikio lililochanika lilikuwa limesikia kitu, ungeapa lingegeuka. Nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu, maana nilifurahi hadi machozi na sikutaka wanione.

Jioni Waisiko akamtoa Sista kwa mlango wa mbele, akakatiza naye uwanja hadi barabarani. Kule wakakutana na kundi kubwa la ng'ombe wakitoka josho, Sista akachanganyika nao, na Waisiko akampoteza. Akadhani atarudi mwenyewe kama siku zote, kwa hiyo nyumbani hakumwambia babu. Hakurudi.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya huku. Ng'ombe akipotea, sisi wa Tarime na hawa wa Serengeti hatuanzi kupiga simu. Tunafuata nyayo. Nyayo zikiingia mahali pa watu, wenye mahali hapo waonyeshe zilipotokea kwenda mbele. Wakionyesha, wako huru, na wao wanaungana na wafuatiliaji. Wakishindwa, ng'ombe yuko mikononi mwao, hata kama hayupo.

Asubuhi ya Alhamisi wazee kumi na wawili wakafuata nyayo za Sista kutoka machungani, mahindini, hadi mlango wa nyuma wa ghala. Zikaingia ndani. Sakafuni alama za matope zilipita katikati ya madawati, kwa sababu nilikuwa nimekataza isifagiliwe, vumbi lisiharibu picha. Zikafika mbele ya ukuta, zikakoma, kwa kuwa Sista alikuwa amesimama hapo mpaka kwato zikakauka. Wazee wakainua macho, na Sista akawatazama.

"Nyayo zimeishia hapa," alisema Mzee Nyangwine.

Nilikimbilia mlango wa mbele niwaonyeshe alipotokea. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Kidato cha kwanza hufagia kila siku, na siku hiyo walifagia mara mbili, kwa amri yangu mwenyewe, kwa sababu tunapata mgeni. Hakukuwa na alama hata ya kuku. Kulikuwa na mistari ya mifagio tu, imenyooka vizuri.

Mila inataka jambo lisikilizwe pale nyayo zilipokoma. Basi ritongo, yaani baraza la wazee, likakaa palepale, wazee kwenye madawati ya mbele na wanafunzi wamesimama kuzunguka kuta. Mwenyekiti alikuwa Mzee Rubeni, mtu wa haki, na nikisema wa haki nina maana kwamba hana huruma na mtu yeyote. Ilipofika saa mbili na dakika ishirini Dokta Verdiana akaingia. Akaangalia, akakaa dawati la mwisho kati ya vijana wa sungusungu wenye fimbo, akafungua fomu, akaandika muda wa kuanza.

Niliwaamkia wazee shikamooni, nikaeleza yote: nimemwazima mimi, nilikosa kwa kutomuuliza mwenyewe, Waisiko akamtoa kwa mlango wa mbele, akapotelea barabarani. Mzee Rubeni alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nyayo za kutoka. Nikasema zimefagiliwa. Akauliza zimefagiliwa na nani. Nikasema na shule. Wazee wakatikisa vichwa polepole, na Mwalimu Kornelio akasogea ukutani kana kwamba naye angependa kuchorwa humo.

Waisiko akasema ni kweli, yeye ndiye aliyemtoa. Mzee Rubeni akamwambia kwa upole kwamba neno la mtoto ni neno la mji wake, yaani nyumba ya babu yake, na mji wake ndio huu unaosema ng'ombe hawana. Haiwezekani mji uleule uwe umempoteza na umempeleka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maji yamezidi unga.

Mzee mmoja akataka kujua ng'ombe anaingiaje ukutani. Akajibiwa kwamba hakuna aliyesema ameingia, kinachosemwa ni kwamba nyayo ziko hapa na uso uko hapa. Wakabishana hivyo kwa muda. Hatimaye Mzee Rubeni akatoa njia. Aliyeko ukutani akiwa ni Sista, basi nyayo zimemfikia mwenyewe na shule itajibu. Akiwa si Sista, ni ng'ombe tu wa kuchora, basi nyayo zimeishia kwenye kitu kisichohusika, na shule ni njia ya kupita kama njia nyingine. Kwa hiyo picha ikaguliwe.

Wakaikagua kwa saa nzima. Walipima pembe kwa fimbo. Walihesabu mbavu. Waliwaita wanafunzi mmoja mmoja wajibu: kwa nini hapa tumboni mmempaka majivu na huyu ni mweusi? Mwanafunzi akaeleza kwamba mwanga uliingia kwa mlango wa nyuma ukagonga chini. Mzee akasema mwanga haugongi hivyo. Akapelekwa mlangoni, akavuliwa koti lake jeusi, likashikwa kwenye mwanga, akatazama, akarudi kukaa. Watoto ambao mwezi mzima walikuwa wakinijibu "ndiyo mwalimu" walitetea magoti na kivuli mbele ya ritongo bila kutetemeka. Sijawahi kufundisha kipindi kama kile, na ukweli ni kwamba sikukifundisha. Dokta Verdiana alikuwa akiandika bila kuinua kichwa.

Wazee wakagawanyika sita kwa sita. Sita walisema ni Sista. Sita walisema ni mfano tu, mgongo umezidi. Mzee Rubeni akasema basi aamue mtaalamu, mwalimu aliyesomea, yaani mimi. Nitakalosema ndilo.

Mwalimu Kornelio akanivuta barazani akanisihi niseme hafanani. Neno moja tu, wazee waondoke, shule isiandikwe mahali. Dokta Verdiana akatoka nyuma yetu akiwa na kalamu yake. Alisema zimebaki dakika ishirini kwenye muda niliopangiwa.

"Limalize hili sasa, urudi ufundishe, nitakupa C," alisema. "C inatosha, Ghati. Utakuwa mwalimu."

Nilihesabu haraka. Nikisema picha haifanani, shule iko salama, mimi nina stashahada, Mzee Nyangwine anaendelea kumtafuta ng'ombe wake huko barabarani aliko kweli. Hakuna anayeumia. Nilirudi ndani nikiwa nimeshaamua kusema hivyo, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimelipanga neno mdomoni.

Waisiko alikuwa amesimama kando ya picha, mkono wa kushoto mweusi kwa mkaa mpaka kwenye kiwiko. Babu yake alikuwa amemkasirikia mbele za watu, ng'ombe kapotea mikononi mwake, na hakuwa amelia. Sasa alinitazama, akingoja kusikia kama kile kichwa ni kizuri. Ni hicho tu alichotaka kujua. Nikaona aibu, aibu ya kuchoma masikio.

"Ni Sista," nikasema. "Sikio ni lake na pembe ni yake. Kichwa amekichora Waisiko, na katika masomo yangu yote sijaona mwanafunzi aliyechora vizuri hivi."

Mwalimu Kornelio akashika kichwa.

Mzee Rubeni akatoa uamuzi. Shule ijibu. Shule haina ng'ombe. Mwalimu aliyemleta je? Nikasema hata kuku sina. Basi, akasema, ambaye nyayo zimeishia mkononi mwake haondoki hapa mpaka ng'ombe aonekane. Picha isiguswe. Shauri halijafungwa, limeahirishwa, na kila kitu kibaki kama kilivyo. Mzee Nyangwine akaulizwa kama ameridhika. Akasema yeye alitaka ng'ombe, lakini atangoja.

Ndipo Dokta Verdiana akasimama. Aliuliza, kwa heshima, kama kikao kimekwisha. Mzee Rubeni akamwambia hakijakwisha. Dokta akauliza kama kikao na kipindi ni kitu kimoja. Kila mtu akamtazama Mwalimu Kornelio. Maskini, aliwaza barua zote duniani, kisha akasema kwamba chumba ni kilekile, watu ni walewale, na kengele ya kumaliza haikupigwa kwa sababu kengele haipigwi ritongo likiwa limekaa.

Nilimsindikiza Dokta hadi kwenye gari. Alinionyesha fomu. Alama zote alikuwa amezijaza kwa penseli, na zilikuwa mbaya. Aliniambia wazi: sikuongoza darasa, niliongozwa, na kwa vigezo vya chuo hiyo ni kufeli. Ila chini ya fomu kuna nafasi ya muda wa kumaliza kipindi, na bila muda huo mfumo wa chuo haupokei alama yoyote, nzuri wala mbaya.

"Kikiisha, nijulishe nikuandikie," alisema. Sijui kama alikuwa akitania. Uso wake hauna sehemu ya kuonyesha hayo.

Hivyo ndivyo nilivyobaki. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: kila muhula chuo hunitumia ujumbe kuuliza kama kipindi kimekwisha, nami hujibu bado. Mwalimu Kornelio ameniandika mwalimu wa kujitolea. Wazazi wananiletea mahindi, maziwa, na chumba nimepewa na mwanakwaya mmoja. Nafundisha sanaa kidato cha kwanza hadi cha tatu. Alhamisi wazee huja kuangalia shauri lao lisiharibike, na huwa hawaondoki mpaka kengele, maana wameanza kubishana na wanafunzi kuhusu vivuli vya vitu vingine. Mzee Nyangwine huja pia. Hukaa mbele ya ukuta, na Waisiko akichora humtazama mkono.

Msidhani nilikuwa nimetulia. Kila ng'ombe mweusi aliyepita barabarani alinipasua moyo. Nilijua siku Sista akionekana shauri litafungwa, kipindi kitaisha, na mimi nitafutwa. Nilimtakia mzee ng'ombe wake, na papo hapo nilimwomba Mungu asimrudishe. Dhambi hiyo nimeibeba zaidi ya mwaka.

Mwezi uliopita, Alhamisi, Sista akarudi. Alikuja na mtu anaitwa Athanas, mfugaji wa upande wa Natta, mtu mwaminifu wa kuudhi. Alisema alimkuta kwenye kundi lake baada ya siku ile ya josho, akauliza kila kijiji mpaka akasikia habari za shauri la hapa. Akamfikisha mlango wa nyuma. Amekonda kidogo, lakini utepe ni uleule, pembe ni ileile, sikio ni lilelile. Darasa zima liliganda. Mimi nikakaa juu ya dawati.

Mzee Rubeni akatoka na wazee wake. Akamuuliza Mzee Nyangwine kama huyu ni ng'ombe wake.

Mzee akamsogelea. Sista akakitumbukiza kichwa kwapani mwake, akaanza kumlamba kiganja, akikoroma kwa furaha. Mzee akaangalia pembe. Akashika sikio, akalikunjua mahali lilipochanika. Kisha akageuka akatazama ndani ya darasa, akamtazama Waisiko aliyekuwa amesimama na mkaa mkononi, akamtazama kwa muda mrefu.

"Simjui," akasema.

Mila inataka swali liulizwe mara mbili. Mzee Rubeni akauliza tena, na safari hii sauti yake haikuwa ngumu.

"Ng'ombe huyu simjui. Atafutwe mwenyewe." Na wakati anasema hivyo mkono wake ulikuwa unamkuna Sista chini ya taya.

Wazee wale wanamjua Sista tangu ndama. Mmoja baada ya mwingine walitazama chini, wakasema hata wao hawamjui. Athanas alichanganyikiwa, akanyoosha kidole kuelekea ukutani aonyeshe kwamba ni yuleyule. Mzee Rubeni akamkatiza kwamba habari za ukutani ziko mbele ya baraza na mgeni hazungumzii shauri lisilokwisha.

Athanas akakubali kuondoka naye. Sista akagoma. Alikuwa amefika kwao, angekwenda wapi tena? Walimvuta, wakamsukuma, akarudi kwa mzee mara tatu. Mwishowe Mzee Nyangwine mwenyewe akainua fimbo yake akamchapa mgongoni, mara moja, mara mbili, akamswaga hadi barabarani, akasimama hapo mpaka kundi la mtu mwingine lililokuwa likipita lilipommeza, Athanas akimfuata.

Aliporudi alikaa mahali pake pa siku zote. Mikono akaificha ndani ya koti.

"Tumekuchelewesha, mwalimu," akasema. "Endelea na watoto."

Nikageukia ubao, chaki mkononi, nikilia, na darasa lote likaningoja.